Kigari cha Silinda Nane

Gari lenyewe lilikuwa la Kiingereza, la watu wawili, lisilo na paa, lililoundwa kabla ya Vita Vikuu vya Pili. Mwenyewe alikuwa tajiri mmoja wa Matrah, mwagizaji wa mchele na nguo, ambaye aliliagiza kutoka Bombay na kulitumia mpaka injini ikapasuka. Tulipoonyeshwa sisi, mwaka 1968, lilikuwa limesukumwa kwenye pembe ya ghala lake, limerundikiwa magunia ya ndimu kavu, na kuku wa jirani alikuwa anatagia kwenye kiti cha dereva.

Nikisema sisi, nakusudia mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Tulifika Maskati kutoka Unguja baada ya Mapinduzi, kwa njia ya mzunguko ambayo si lazima niieleze hapa, na sote wawili tukapata kazi kwenye kambi ya kampuni ya mafuta. Yeye alikuwa fundi magari, mimi mtunza stoo ya vipuri. Tulikaa nyumba moja Wadi Kabir, pamoja na mke wangu na mama yao. Wadi Kabir anayoijua msomaji wa leo, yenye gereji zilizobanana na mabasi madogo yanayopigiana honi, haikuwapo. Palikuwa na visima, mitende, mbuzi, nyumba chache za udongo, na njia ya changarawe iliyopanda mlima kisha ikateremka upande wa pili kuelekea Ruwi na Matrah.

Gari siku hizo lilikuwa jambo la ruhusa. Mtu hakununua gari kwa sababu tu ana uwezo. Aliomba ruhusa kwa Sultani, akangoja. Ndiyo maana yule tajiri hakulitupa lile bovu lake. Ruhusa ya gari ilikuwa mali, hata kama gari lenyewe linatagiwa mayai.

Lakini shemeji yangu hakutaka gari. Alitaka ghala. Lilikuwa pale njia inapoingia Matrah, lina mlango wa kupita lori na ukuta mnene unaozuia joto. Unguja alikuwa na gereji yake mwenyewe, ndogo, yenye jina lake juu ya mlango. Kambini alipewa mshahara mzuri na ovaroli safi, na kila jioni alirudi amenuna, kwa sababu kila gari alilolitengeneza lilikuwa la watu na kila spana aliyoishika ilikuwa ya watu. "Mimi hapa ni mkono tu," alikuwa akisema. "Nataka niwe mtu mzima."

Basi akaenda kwa tajiri kuliomba lile ghala alikodi. Nilimsindikiza, kwa sababu Kiarabu chake kilikuwa cha msikitini na changu kilikuwa cha stoo, na tulitaraji tukivichanganya tutapata kimoja cha biashara. Tajiri alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye ndevu nyeupe zilizochanwa vizuri. Alitusikiliza mpaka mwisho.

"Nyinyi Wazinjibari mnasema vizuri," akatuambia. "Kuna mfanyabiashara wa tende, naye analitaka ghala, na yeye hasemi vizuri, lakini namjua baba yake. Nifanyeje?"

Shemeji yangu akanyoosha kidole kwenye lile gari. "Ammi, nikilitengeneza hilo?"

Mzee akacheka. Akasema kwamba gari lake likimpandisha mlima wa Wadi Kabir, yeye mwenyewe akiwa amekaa ndani, ghala ni la shemeji. Kabla hajasafiri kwenda Bombay atampa jibu mmoja wetu, sisi au wa tende. Tukapeana mikono. Gari likavutwa kwa kamba mpaka kwetu, na kuku akarudishwa kwa mwenyewe.

Injini ya asili haikuwa ya kutengenezeka. Ilikuwa na ufa wa kuingia ukucha, na vipuri vyake labda vilikuwa vimebaki katika makumbusho ya Waingereza. Lakini kambini kulikuwa na pikapu ya Kimarekani iliyopinduka jangwani. Bodi ilikuwa imekunjamana kama karatasi, lakini injini ilikuwa nzima. Kampuni iliiuza kama chuma chakavu, shemeji akainunua. Injini ile ilikuwa ya silinda nane, na uzito wake ulikaribia nusu ya kigari chote.

Hapo ndipo kusoma kwangu kulipofaa. Kiingereza nilijifunza mwenyewe, kwa kamusi na kwa chochote kilichochapwa nilichokiokota, na wachimbaji wa Kimarekani walikuwa wakiacha majarida yao kila walipohama kambi. Katika majarida hayo niliona magari ya zamani yaliyotiwa injini kubwa, yamevuliwa boneti na madigadi, mbele yameinama na nyuma yameinuka kama mtu anayetafuta kitu uvunguni. Nilimpelekea shemeji.

Akaitazama picha kwa muda. "Hawa wana akili?"

"Wanashindana mbio."

"Na sisi tutashindana na nani?"

"Na mlima."

Akafunua ukurasa wa pili, halafu wa tatu, na nikajua kazi imeanza.

Tulifanya kazi baada ya sala ya alasiri na siku za Ijumaa, chini ya kibanda cha makuti ya mtende tulichokisimamisha ubavuni mwa nyumba. Mimi nilipima, yeye alikata. Injini ilikuwa pana kuliko nafasi yake, kwa hiyo boneti ilibaki pembeni na mbuzi wa jirani wakaizoea kuilalia. Madigadi ya mbele yalikuwa yameliwa na kutu. Tuliyagusa yakaanguka, hata hatukuwa na haja ya kuamua. Magurudumu ya nyuma tulitia ya pikapu. Tangi la petroli tulilihamisha nyuma ya viti.

Kazi ngumu ilikuwa shafti, ile nondo nene inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi ekseli ya nyuma. Ya pikapu ilikuwa ndefu mno. Ilibidi ikatwe katikati, ipunguzwe, iunganishwe tena kwa kuchomelewa, na iwe imenyooka kabisa, kwa sababu shafti iliyopinda hata kidogo huanza kutetemeka, kisha hulitetemesha gari zima, kisha hutoka. Jarida lilitaja mashine ya kupimia. Sisi hatukuwa nayo. Nilifikiri sana ni kitu gani katika Wadi Kabir kilikuwa bapa kwa hakika, na jibu nililolipata lilikuwa moja tu: kioo cha mkwe wangu.

Kilikuwa kioo kirefu cha kabati. Kabati lilibaki Unguja. Kioo alikuja nacho, amekifunga kwa mablanketi na kukipakata njia nzima. Alitusikiliza akiwa nyuma ya pazia, kwa sababu mkwe wangu hakuwahi kuzungumza nami uso kwa uso kuhusu jambo zito.

"Mnataka kukilaza kioo changu chini," alisema, "mpitishe chuma juu yake."

"Taratibu tu, mama," shemeji akasema. "Tunakibiringisha."

"Nimekivusha bahari. Hakikuvunjika na mawimbi, kije kivunjike na wewe."

"Mama, ni kwa ajili ya ghala."

"Tandikeni blanketi chini yake," akasema. "Na yule mkwe wangu ndiye akishike, si wewe."

Tuliibiringisha shafti juu ya kioo, na pale ilipoacha mwanya mwembamba wa mwanga baina yake na taswira yake, nilitia alama ya chaki, na shemeji akainyoosha. Tulifanya hivyo mara nyingi, mpaka mwanya ukatoweka. Kioo kilirudi ukutani kizima. Mkwe wangu alikipangusa akalalamika kwamba sasa kinamwonyesha mnene.

Jioni tuliyoiwasha injini kwa mara ya kwanza, mbuzi walikimbia mpaka kisimani. Tulikuwa hatujatia sailensa. Mzee mmoja wa jirani alikuja na bakora yake akasimama mlangoni mwa kibanda.

"Mmefuga nini humu?"

"Gari, mzee."

"Gari naijua sauti yake. Hili lina njaa."

Tukatia sailensa ya lori, kwa sababu mji wa wakati ule haukupenda kelele, wala sisi wageni hatukutaka kusikika kuliko ilivyolazimu. Njaa ilipungua, ikabaki mngurumo wa paka mkubwa aliyeshiba. Kisha tukalijaribu mlimani sisi wenyewe. Lilipanda. Lilikuwa na kasoro moja niliyoifahamu sababu yake: rejeta ilikuwa ndogo kwa injini ile, na upepo ndio uliosaidia kuipoza. Likienda kasi, mshale wa joto ulitulia. Likienda polepole, mshale ulipanda. Nilimweleza shemeji. "Basi hatuendi polepole," akasema, na kwa maoni yake tatizo lilikuwa limekwisha.

Tukampelekea tajiri ujumbe. Akajibu kwamba atakuja Alkhamisi asubuhi, na kwamba adhuhuri ya siku hiyo amemwambia mtu wa tende aje ghalani kuchukua jibu.

Alikuja na Landrova yake, akiendeshwa na dereva wa Kibulushi ambaye alikuwa naye miaka mingi. Alivaa dishdasha nyeupe mpya na kilemba cha rangi, na ilionekana wazi kwamba alijitayarisha kwa safari. Hatukuweza kumpeleka kwenye gari moja kwa moja. Mgeni hatolewi garini akatiwa garini kama mzigo. Tukamkaribisha barazani, tukamletea halua na kahawa. Akauliza khabari za kazi, za afya, za mama. Shemeji alijibu kila swali huku jicho lake moja liko kibandani, ambako kigari kilikuwa kimeoshwa mpaka kikang'aa.

Ndani, mkwe wangu alikuwa na mipango yake. Kwao, mtu mzima hapandi chombo kipya bila ya kufukizwa. Bibi harusi hufukizwa kabla ya kutoka, nguo za Idi hufukizwa kabla ya kuvaliwa, na mgeni mwenye heshima anayekwenda safari apande hali ananukia. Alikuwa na kipande cha udi wa mawardi alichokiweka kwa siku kubwa, na akahukumu kwamba siku kubwa ndiyo hii. Chetezo kikatoka nyuma ya pazia kikitoa moshi, shemeji akakipokea kwa furaha, akampelekea mzee.

Mzee alikitazama chetezo. Akamtazama shemeji. Kisha, kwa upole mkubwa, akainua ncha ya kilemba, akapitisha moshi chini ya ndevu, akasema alhamdulillahi, akasimama.

"Mmenikirimu," akasema. "Mungu akupeni baraka. Gari ni jambo la subira. Siku nyingine, inshallah."

Akampa shemeji mkono, akanipa mimi, akavaa viatu. Sisi tulibaki tumesimama. Dereva, ambaye hakuwa amemaliza kahawa yake, alimfuata akitafuna. Landrova ikageuzwa, ikaondoka.

"Kaenda wapi?" mkwe wangu akauliza kutoka ndani.

"Kaondoka, mama."

"Kaondoka vipi? Hajapanda."

"Sijui. Nimempa udi, akaaga."

Mke wangu ndiye aliyetoka mbele. Yeye alikuwa akienda kisimani kila siku na wanawake wa Maskati, na alikuwa amejifunza mambo ambayo mimi sikuyakuta katika jarida wala kamusi. "Lo, mama," akasema. "Huku udi ni kwaheri. Ukishapitishwa udi, hakuna kukaa tena. Mwenye nyumba ndivyo anavyomwambia mgeni kwamba sasa inatosha."

Tulielewa sote kwa pamoja. Mzee alikuja kupanda gari, na kabla hajaonyeshwa gari akaletewa udi. Aliona kwamba gari limetushinda, kwamba tunaona haya kusema, na kwamba tumechagua njia ya adabu ya kumrudisha kwake. Akatusaidia, akaondoka haraka ili tusiaibike zaidi. Ilikuwa heshima kubwa aliyotufanyia, na sasa alikuwa njiani kwenda kumpa mtu wa tende ghala.

"Na ule udi wa mawardi," mkwe wangu akasema polepole, "ndio wa mwisho niliokuwa nao."

Shemeji hakuwa hapo kumsikia. Injini ilikuwa imekwisha kuwaka.

Nilirukia kiti cha pili gari likiwa linakwenda. Njia ilikuwa kavu, na kwa sababu hatukuwa na madigadi, changarawe ilirushwa na magurudumu ya mbele ikatuangukia mapajani kama tumetupiwa pesa za arusi. Tuliipata Landrova mwanzo wa mlima. Ilikuwa imezeeka, imebeba mzee mzito na dereva mwangalifu, na ilipanda kama mtu anayehesabu shanga za tasbihi. Vumbi lake lilitujaa machoni. Shemeji akapunguza mwendo, akakaa nyuma yake.

"Mpite," nikasema.

"Nimpite mzee?"

"Mpite umngoje juu."

"Shemegi, wewe una akili kweli? Nimtimulie vumbi mtu mzima mlimani, kwa gari lake mwenyewe? Kisha nimwombe ghala?"

Hoja yake ilikuwa sahihi. Gari Maskati zilikuwa chache kiasi kwamba kila mtu alijua nani yumo katika ipi, na kumpita mkubwa njiani ilikuwa sawa na kumsukuma mlangoni. Lakini mshale wa joto ulikuwa umeanza kupanda. Nilimwonyesha.

"Nauona."

"Tukiendelea hivi, kabla ya kona ya juu tutachemka. Atageuka nyuma atuone tumesimama tunafuka moshi."

"Nauona, nakwambia."

"Basi piga honi."

"Nimpigie honi? Yeye ng'ombe?"

Akaenda hivyo hivyo, nyuma ya vumbi, kwa adabu, na mshale ukapanda nao kwa adabu. Sikupata kuona mtu aliyetaka kitu kwa nguvu kiasi kile akikaribia kukikosa kwa sababu ya kukaa nyuma. Kilichotuokoa ni mngurumo. Njia ilipoingia baina ya kuta mbili za mwamba, sauti ya silinda nane, ambayo uwandani ilikuwa ya paka aliyeshiba, iligonga mwamba na kurudi imekuwa simba. Landrova ikasimama. Mzee akatoa kichwa dirishani.

Shemeji akashuka mbio, lakini akaacha injini inawaka, maana akiizima ikiwa na joto lile isingekubali kuwaka tena. "Ammi, tusamehe. Ule udi. Sisi kwetu udi ni wa kupandia, si wa kuondokea. Mama yangu hakujua. Sote hatukujua."

Mzee akamtazama, kisha akalitazama gari. Nadhani hakulitambua mara moja. Lilikuwa halina boneti, halina madigadi, nyuma limeinuka, na injini iko wazi kama matumbo.

"Hili ni langu?"

"Lako, ammi."

"Lilikuwa na nguo." Akamgeukia shemeji. "Kwa nini hukunipita?"

"Siwezi kukupita."

"Linaweza?"

"Gari linaweza. Mimi siwezi."

Mzee akafikiri. Alifanya hesabu yake taratibu, kama anayepima kitambaa. "Nikiwa mimi ndani yake," akasema, "atakayepitwa ni dereva wangu tu."

Akateremka. Nikampisha kiti, na kwa kuwa gari lilikuwa la watu wawili, mimi nikapanda Landrova kando ya yule Mbulushi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwamba jambo tulilolifanyia kazi miezi kadhaa sikuliona kutoka ndani. Niliona kilemba kikiinama nyuma ghafla, gurudumu la pikapu likichimba changarawe, na kisha vumbi. Lilipotua, njia ya mbele yetu ilikuwa tupu mpaka kileleni.

Dereva akatia gia ya kwanza. "Mimi nikizidisha kidogo tu," akasema, "ananigonga bega kwa fimbo."

"Leo ana fimbo?"

"Anayo. Lakini naona ameshika kilemba kwa mikono miwili."

Tulipofika juu hawakuwapo. Nilitazama chini kama kuna maji yaliyomwagika kutoka kwenye rejeta. Hapakuwa na tone. Tulipofika Ruwi hawakuwapo. Dereva alianza kuwa na wasiwasi wa bwana wake, mimi wa shafti, na kila mmoja wetu akampa mwenzake moyo juu ya jambo ambalo hakulijua.

Tuliwakuta Matrah, mlangoni mwa ghala. Kigari kilikuwa kimesimama, kinatoa mvuke kidogo, si zaidi ya birika la chai. Mzee alikuwa bado amekaa ndani yake, kilemba kimefunguka kiko mapajani, nywele zake chache zimesimama, na dishdasha yake mpya ina madoa mekundu ya udongo tangu kifuani hadi magotini. Hakuonekana kuwa na haraka ya kushuka. Mbele yake alisimama mtu wa tende, ambaye alifika mapema kuchukua jibu lake.

"Nimekuja, ammi, kama ulivyosema," alikuwa akimwambia.

"Umekuja," mzee akakubali. "Lakini mimi nimeletwa." Akamnyooshea shemeji mkono, shemeji akamsaidia kushuka. "Mwambie baba yako namsalimia. Nyuma ya forodha nina banda jingine, ni baridi zaidi kwa tende. Njoo tulitazame."

Wakaondoka pamoja, polepole, mzee akijifunga kilemba huku anatembea na kuonyesha kwa mkono wake jinsi kona ya juu ilivyopinda. Dereva akawafuata nyuma na Landrova, hakuwapita.

Shemeji alikuwa amesukuma ubao mmoja wa mlango, akaingia. Nilimkuta katikati ya ghala, baina ya magunia, anatazama juu kwenye boriti ambapo angeweza kufunga mnyororo wa kunyanyulia injini. Harufu ya ndimu kavu ilikuwa kali kiasi cha kutoa machozi, na sikumuuliza kama machozi yake yalikuwa ya ndimu.

"Shemegi," akasema. "Una chaki?"

Nilikuwa nayo. Akanionyesha kwa mguu pale alipotaka shimo la kuingilia chini ya magari, nami nikapiga magoti nikaanza kulichora.